Mama Geuza na Tanga la Vifungo

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, Nahodha Mkuu wa Mafunzo wa shule yetu ya mashua za tanga atakabidhi funguo za stoo, filimbi yake, na kile kiti cha turubai ambacho hakuna mwingine aliyewahi kuthubutu kukikalia. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja ya utumishi. Kwenye karatasi za ofisi ana jina lake kamili na cheo chake, lakini kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, sote tunamwita Mama Geuza. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake wa kwanza, kwa sababu ndilo neno walilolisikia kinywani mwake kuliko hata salamu. Akisema "Geuza!" mashua inageuka, na bata walioko karibu na gati nao wanageuka.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, fundi wa matanga, niandike wasifu huu, na imenionya nisitie chumvi. Sihitaji kutia. Nimefanya kazi naye muda mrefu kiasi kwamba najua anavyokohoa akiwa amekasirika na anavyokohoa akiwa na mafua, na najua ni wakati gani mtu anatakiwa kukimbia. Kila mwaka hupanda naye mashua yetu ya kijani kwenye mbio ndefu za ziwani, kwa kuwa tanga likichanika katikati ya maji hakuna duka la jirani. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, na mengine niliyaona nikiwa nimeloa chapachapa.

Hakuajiriwa kuwa nahodha. Alikuja kama karani wa stoo, kazi yake kutoa na kupokea majaketi ya kuokolea. Wiki haikuisha akawa amegundua jambo lililowapita wakubwa wote: majaketi yalikuwa yanarudi makavu. Mkufunzi wa wakati ule alikuwa mtu wa ubao na chaki, mtaratibu sana, na wanafunzi wake waliweza kuchora mashua vizuri kuliko kuiendesha. Karani wetu akaenda kwa mkurugenzi wa enzi hizo kuuliza, kwa heshima zote, kama shule hii inafundisha ubaharia au inafundisha picha. Mkurugenzi akacheka sana, akamwambia kama maji hayamtishi, apande yeye. Akapanda siku ileile, na viatu vyake vya ofisini. Viatu viliharibika, lakini yeye hakurudi tena stoo isipokuwa kuchukua jaketi.

Tangu hapo alisoma kozi moja baada ya nyingine, akapata vyeti vyake vyote, na akaanza kufundisha. Wanafunzi wake leo wanaendesha vivuko, wako kwenye boti za uokoaji, na wawili ni wakufunzi humu humu ndani. Ndiye aliyeweka sharti kwamba hakuna kugusa kamba kabla ya kujua kuogelea. Ndiye aliyepigania chumba cha wanawake cha kubadilishia nguo, ambacho zamani kilikuwa kona ya stoo nyuma ya mapipa ya rangi. Na jambo ambalo yeye mwenyewe hapendi litajwe, lakini leo sina budi kulitaja: katika miaka yote hiyo, hakuna mwanafunzi wake hata mmoja aliyetoka gatini asirudi. Wazazi watakaokuwa ukumbini siku ya sherehe watajua nasema nini.

Nyumbani ana mume, mwalimu wa hesabu, mpole kupita kiasi, ambaye anaogopa maji. Haogopi kidogo. Anaogopa mpaka akivuka daraja anashika mkono wa mtu. Hata hivyo hakuna mbio ambazo hakuja kumpokea mkewe, amesimama mwanzoni mwa gati pale penye zege, chupa ya chai mkononi, na hasogei mbele hata hatua. Wake na waume wa mabaharia wengine huuliza kwanza mmekuwa wa ngapi. Mwalimu anauliza swali moja tu, miaka nenda miaka rudi: "Umerudi?" Mama Geuza anajibu kwamba amerudi, na chai inamiminwa.

Sasa tuje kwenye kombe.

Mwalimu ana mdogo wake, ambaye kwa Mama Geuza ni shemeji, na kwa kuwa yeye humwita hivyo kwa sauti inayosikika ng'ambo ya ziwa, sisi sote tunamwita Shemeji. Huyu bwana ni nahodha wa mashua ya kiwanda cha barafu, kubwa kuliko yetu kidogo, na ni mtu wa maneno mengi na mazuri. Katika mbio ndefu ameshinda mara nyingi. Mama Geuza amekuwa wa pili mara nyingi. Kombe linakaa sebuleni kwa Shemeji, juu ya kabati la televisheni, na mkewe amelipangia maua ya plastiki. Kila familia inapokutana, Shemeji anahakikisha kwamba Mama Geuza amepewa kiti kinachotazamana na kabati. Halafu anamkaribisha chai na kumuuliza kama anaona vizuri pale alipokaa.

Mama Geuza naye hakukaa kimya. Alimwambia kwamba maua yale yanafaa, kwa sababu barafu na plastiki ndivyo vitu pekee anavyoviweza. Wote wanacheka, watoto wanacheka, na mwalimu wa hesabu anabadilisha mazungumzo. Lakini mimi niliyekuwa namshonea matanga nilijua kwamba chini ya utani kulikuwa na hamu ya kweli. Alitaka kombe lile. Alitaka kulishika angalau mara moja kabla hajastaafu, alipeleke nyumbani kwake, na amtilie Shemeji chai mbele ya kombe hilo. Aliniambia hivyo waziwazi, tukiwa tumekaa kwenye karakana ya matanga tunakagua mishono, na hakuwa anatania.

Kwa wasiozijua, mbio ndefu zinaanzia gatini kwetu, zinazunguka visiwa vitatu, na kurudi hapohapo siku ya tatu. Mtu anayedhani anayeshinda ni mwenye mashua ya kasi, hajawahi kukaa ndani ya mashua. Anayeshinda ni anayeamua vizuri: apite upande upi wa kisiwa, abadili tanga saa ngapi, amfuate mpinzani au amwache aende zake. Kuna mbinu moja inaitwa kulinda. Ukiwa mbele, unahakikisha umekaa kati ya mpinzani wako na mwisho wa mbio. Akienda kushoto unaenda kushoto, akienda kulia nawe kulia. Upepo atakaoupata yeye utaupata na wewe, na kwa kuwa uko mbele, utabaki mbele. Ni mbinu nzuri sana mpaka pale inapokuwa ugonjwa.

Mama Geuza na Shemeji waliugua wote wawili. Wakongwe wanaukumbuka ule mwaka ambao walilindana tangu kisiwa cha kwanza. Huyu akigeuza, yule anageuza. Huyu akinywa maji, nadhani na yule alikunywa. Walilindana mpaka nyuma ya Kisiwa Kikubwa, mahali ambapo kisiwa kinazuia upepo wote na maji yanalala kama sakafu iliyopigwa deki, na hapo mashua zote mbili zikasimama, kila nahodha akimkodolea macho mwenzake kuona atafanya nini. Hakukuwa na la kufanya. Wakati huo mashua ya wauguzi wa hospitali, ndogo, iliyoanikwa soksi na mataulo kwenye kamba zake, ilipita mbali kule penye upepo, ikatupungia mikono, na ikaenda kushinda. Sisi hatukuwa wa pili wala wa tatu. Jamani, hata waandaaji walikuwa wameanza kukunja meza.

Mtu mwingine angelaumu kisiwa. Mama Geuza alirudi, akalala, na kesho yake akaja karakanani kwangu kuomba tanga kuukuu na rangi. Tukalitandaza sakafuni, na akachora ziwa lote, visiwa vitatu, gati, miamba na ufuko. Akaniomba lile kopo langu la vifungo, vile vya makoti na mifuko ya matanga, vya kila rangi. Halafu akaita wote waliokuwa ndani ya mashua. Akachukua kifungo, akapiga goti, akakiweka nyuma ya Kisiwa Kikubwa, na akasema pale ndipo alipokosea, kwa sababu alikuwa anamtazama mtu badala ya kutazama maji. Akamwambia kila mmoja achukue kifungo chake aweke pake.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa utaratibu ambao sasa ni mila ya shule hii. Jumatatu baada ya mbio, kabla ya pongezi na kabla ya soda, tunavua viatu, tunazunguka lile tanga, na kila mtu anaweka kifungo mahali alipokosea na kueleza kwa nini. Masharti ni mawili. Huruhusiwi kumwekea mwenzako kifungo. Na huruhusiwi kucheka mpaka mwenye kifungo acheke kwanza. Baadaye mimi navishona palepale vilipowekwa. Kwa miaka hii yote tanga limejaa, na Mama Geuza ndiye mwenye vifungo vingi kuliko wote. Wakufunzi wa shule nyingine wakija wanadhani ni pambo. Wakielezwa wanaomba waonyeshwe tena.

Nimefika kwenye mbio za mwaka huu, ambazo zilikuwa za mwisho kwake.

Wiki ile tanga letu kubwa lilichanika, nami nikalitia kiraka cha rangi ya kahawia, kwa kuwa kitambaa cheupe kilikuwa kimekwisha. Wauguzi nao wakaja mbio na tanga lao limechanika, nikawatilia kiraka kutoka jora lilelile. Mama Geuza alipoona akasema sasa tumekuwa pacha na wauguzi, na kwamba akichanganyikiwa atapanda mashua isiyo yake na kuishia kudungwa sindano. Nikumbushe tu kwamba viraka vyote viwili vilikuwa vizuri sana, na mpaka leo havijaachia.

Msaidizi wake, ambaye ni binti wa seremala wetu, ndiye anayechukua nafasi yake. Wengi wenu mnamfahamu: hodari, makini, na mkimya. Hakuwa mkimya hivyo zamani. Mbio za mwaka juzi alipewa usukani kwenye boya la mwisho, akachelewa kugeuza, tukaligonga, na sheria ikatulazimisha kuzunguka mzunguko mzima wa adhabu huku tukipitwa. Tangu siku hiyo kila akiulizwa maoni anasema mnaonaje nyinyi. Alishamwambia baba yake kwamba cheo hiki hakitaki, na seremala, ambaye hana siri, akatuambia sisi wote.

Tukatoka. Siku ya kwanza tulikwenda vizuri. Siku ya pili, baada ya kisiwa cha pili, upepo ukaanza kupanda. Tulikuwa tumetweka tanga kubwa la mbele, lile la upepo mwepesi, na kila mtu aliona kwamba limeanza kutuzidi. Lakini Shemeji, aliyekuwa nyuma yetu kidogo, naye alikuwa na lake juu. Mama Geuza akasema tungoje kwanza. Tukangoja. Mashua ikalala ubavu, ikawa inakwenda kwa upande kama kaa, mpaka tulipolishusha tulikuwa tumesukumwa nje ya njia na ikatubidi tujikongoje kurudi. Hata hivyo tulikazana, tukashika tena uongozi, na hakuna aliyelisema tena.

Asubuhi ya tatu tulitokea upande wa pili wa Kisiwa Kikubwa tukiwa mbele. Kulikuwa na ukungu mwepesi juu ya maji. Shemeji tuliiona milingoti yake nyuma, kisha ukungu ukamla. Wauguzi hatukujua wako wapi. Kilichobaki ni safari ya kurudi gatini, na hapo njia zilikuwa mbili. Ya ndani, inayofuata ufuko, ni fupi, lakini asubuhi haina upepo. Upepo wa ufukoni huamka mchana. Ya nje, katikati ya ziwa, ni ndefu, lakini siku ile tuliona mstari mweusi juu ya maji kule nje, na kila baharia anajua kwamba maji yakikunjamana na kuwa meusi hivyo, kuna upepo. Ndani maji yalikuwa kioo.

Roho zilikuwa juu. Kombe lilikuwa karibu mno, na kila aliyekuwa mle ndani alijua kwamba nafasi nyingine haipo. Hapo Mama Geuza akafanya jambo ambalo nusura linifanye nianguke majini. Aliinuka kwenye usukani, akamwambia binti wa seremala akae, na akasema kwamba kuanzia pale yeye ni abiria. Akaongeza kwamba ni abiria mwenye kelele, lakini abiria.

Binti akatutazama. Akaanza kuuliza mnaonaje nyinyi. Mama Geuza akamkatiza, akasema sisi hatuoni kitu, sisi tunakunywa chai. Basi binti akatazama maji kwa muda, akatazama mawingu, na akasema twende nje. Mama Geuza aligeuza shingo nyuma, akautazama ule ukungu alimokuwa Shemeji. Nilimwona anavyotamani kurudi kumtafuta amlinde. Mkono wake ulishika ukingo wa mashua mpaka vidole vikabadilika rangi. Kisha akaurudisha uso mbele, na akasema neno lake moja kwa sauti ya kawaida kabisa: "Geuza."

Tukaenda nje. Na upepo tukaukuta, tena mzuri, ukatubeba tukaanza kuimba. Nusu ya asubuhi tuliruka kama vichaa. Halafu lile wingu lililokuwa linauleta likatawanyika tu, bila sababu, na upepo ukafa. Tukabaki tumesimama. Na kule ndani, kwenye ufuko, upepo wa mchana ukaamka asubuhi. Sijawahi kuona. Tukaiona mashua ya kiwanda cha barafu inakwenda zake taratibu, imejaa upepo, kando ya ufuko, kama mtu anayetoka dukani. Upepo ulipotufikia na sisi tulikimbia kwa nguvu zote, na tulipokata mstari Shemeji alikuwa bado anafunga kamba zake gatini. Tulikuwa wa pili. Wauguzi wakawa wa tatu.

Tusidanganyane, iliuma. Mama Geuza alipiga makofi kuliko wote wakati kombe linatolewa, kisha akaniambia koo linamuwasha, akaenda kusimama peke yake upande wa mapipa. Mwalimu wa hesabu hakumfuata. Alingoja palepale penye zege mpaka alipokuja, akamuuliza swali lake, akamjibu, na chai ikamiminwa. Binti wa seremala hakuonekana kabisa. Baba yake alisema amekwenda kulala, lakini uso wake seremala ulikuwa unasema mengine.

Jumatatu tukavua viatu. Tulipokuwa tunakaa, mlango ukafunguliwa, na nani anaingia kama si Shemeji, kombe kwapani, meno yote nje. Alisema amekuja kusalimia. Mama Geuza akamwambia avue viatu na anyamaze, na Shemeji, ambaye hanyamazi kwa mtu, akavua na akanyamaza.

Binti wa seremala ndiye aliyeanza. Alichukua kifungo cheusi kutoka kwenye kopo, akapiga goti, akaunyoosha mkono pale nje ya Kisiwa Kikubwa, mahali aliposema twende nje. Alisema yeye ndiye aliyempotezea mama kombe lake.

Mama Geuza akamwambia asikiweke kwanza. Akamuuliza aliona nini pale. Binti akasema aliona mstari mweusi nje na kioo ndani. Akamuuliza kama kuna kitu alichokijua akakipuuza. Akasema hapana. Akamuuliza kama kesho atakuta maji yaleyale na mawingu yaleyale, atakwenda wapi. Binti akafikiri sana. Kisha akasema, kwa sauti ya chini lakini bila kuuliza mtu, kwamba angekwenda nje. Mama Geuza akasema basi hilo si kosa. Hayo ni matokeo, na matokeo hayana kifungo. Akamwambia mbio zikiisha vibaya kila mtu hutafuta pa kuweka lawama, na wengi huiweka kwenye uamuzi wa mwisho kwa sababu ndio unaokumbukwa. Halafu akachukua kifungo chake mwenyewe, akatambaa mpaka kwenye kisiwa cha pili, akakiweka pale tulipoambiwa tungoje kwanza na tanga kubwa likatusukuma nje ya njia. Akasema alilijua tanga lile limetuzidi, akaliacha juu kwa sababu Shemeji hajashusha lake, na muda uliopotea pale ni mwingi kuliko ule wa kufunga kamba za gati. Kombe alilipoteza yeye, siku moja kabla, kwa ugonjwa wake uleule wa zamani.

Shemeji alikuwa amelishusha kombe sakafuni. Alikohoa, akauliza kama mgeni anaruhusiwa kuomba kifungo.

Nikampa chekundu. Akapiga goti, magoti yakalia, na akakiweka ndani, kwenye njia ya ufukoni, mwanzoni kabisa. Yeye ndiye mshindi, kwa hiyo tulidhani anatutania. Akasema asubuhi ile kwenye ukungu aliona mbele yake tanga lenye kiraka cha kahawia linaelekea ndani. Vijana wake wakamwambia nahodha, kule ni kioo, upepo uko nje, tunauona. Akawajibu wamwache, anamjua shemeji yake tangu siku alipoolewa, huyo haendi mahali bila sababu, na kama amekwenda ndani basi ndani kuna kitu. Akalifuata lile tanga. Wakasimama kwenye kioo, vijana wakinuna. Upepo wa ufukoni ulipoamka kwa bahati yake, akaanza kulikaribia, akatayarisha maneno yake ya kumsuta Mama Geuza, akayapanga vizuri, akalifikia, akageuka apunge mkono, na akakuta wauguzi wanamenya ndizi. Walikuwa wamepita ndani si kwa mbinu yoyote, bali kwa kuwa mmoja wao alikuwa anawahi zamu.

Sharti linasema usicheke mpaka mwenye kifungo acheke. Shemeji alijikaza, mashavu yakamjaa, kisha akaangua kicheko, na hapo karakana nzima ikaanguka. Seremala alilala chali. Mama Geuza alicheka mpaka akashika mbavu, akicheka na kulia kwa pamoja, akiuliza kila mara, wauguzi? Wauguzi? Na binti wa seremala akacheka, kwa mara ya kwanza tangu lile boya.

Walipotulia, Shemeji akamsogezea kombe. Akasema kwa haki ni lake, kwani hata kushinda alishinda kwa kumfuata yeye, ingawa hakuwa yeye. Sijamsikia bwana yule akiongea kwa heshima namna ile. Mama Geuza akalishika. Akaligeuza upande huu na upande ule, akaangalia lilivyoandikwa, akalifuta vumbi kwa kanga yake. Kisha akalirudisha, akamwambia alipeleke nyumbani maana maua ya plastiki yatakosa pa kukaa. Nilimtazama usoni, na lile koo lilikuwa limepona.

Shule ina desturi ya kumpa mstaafu saa ya ukutani. Mama Geuza ameikataa, kwa adabu. Ameomba lile tanga. Mkurugenzi amekubali, na sisi tumeshachora jipya, jeupe pee, kwa ajili ya nahodha mpya, ambaye alikwenda ofisini mwenyewe siku iliyofuata kutia saini ya kukubali cheo. Kile kifungo cheusi hakukiweka popote. Amekirudisha kwenye kopo langu, akasema atakihitaji.

Basi Ijumaa tutamkabidhi Mama Geuza makosa yake yote, yameshonwa kwa uzi imara na mtu anayejua kazi yake. Kuna vifungo vingi vya kwake, vya kwetu, na kimoja chekundu cha Shemeji. Na pale nje ya Kisiwa Kikubwa hakuna kitu, ni kitambaa kitupu, kama alivyoamuru. Ameshapima ukuta wa sebule yake. Mwalimu wa hesabu ameshapigilia misumari. Na wameshachagua kiti, chenye mto mzuri, kinachotazamana na tanga moja kwa moja, ambacho Shemeji atakaribishwa kila akija kunywa chai.

Ahsante, Mama Geuza, kwa maji uliyotufundisha kuyatazama, kwa watoto wetu uliowarudisha gatini, na kwa kutuonyesha kwamba mtu anaweza kupiga goti mbele ya wenzake na akainuka akiwa mkubwa zaidi. Upumzike kwa afya na furaha, wewe na mwalimu wako. Tutakuja kukutembelea, na sisi viti vya kawaida vinatutosha.